Haina Haru…

Naona ile video imeshafika mpaka kwa shangazi yangu Tanga, na shangazi huwa hanipigii simu alfajiri isipokuwa kuna msiba. Aliyerekodi ni mshikaji wangu wa bajaji, na ameikata pale anapopataka yeye, sasa mtu ukiitazama unaona kama nimemmwagia mwenyekiti wa mtaa uchafu kwa makusudi. Basi pokeeni na ya mhusika mwenyewe, ambaye mpaka muda huu hakuna anayekaa naye benchi moja.

Wa huku Kigamboni mnanijua na bustani zangu za viroba: matembele, mchicha, chainizi, vyote mlangoni. Kina mama wa kikoba wakaniomba niwafundishe. Nikasema sawa, ila tusiishie kwenye kupanda, nitawaonyesha na mbolea ya maji ya samaki. Kazi yenyewe ndogo. Unachukua matumbo, vichwa na mapezi pale Feri, unachanganya na molasi kilo kwa kilo, unaweka kivulini, vijidudu vinamalizia. Ikishaiva, kijiko kimoja cha chai kwenye lita tano za maji, unamwagilia. (Habari ya kuvuka na ndoo ya matumbo kwenye pantoni msiniulize. Nilipata nafasi ya kukaa, tuishie hapo.)

Sasa vile vijidudu vikila sukari vinatoa gesi, kwa hiyo mfuniko wa dumu unaachwa umelegea. Najua! Wataalamu pumzikeni kidogo. Mfuniko nililegeza mimi kwa mkono wangu. Lakini mama mwenye nyumba alikuwa amechoshwa na nzi, na usiku wa kuamkia somo akapita akaukaza, kwa mkono wa mtu anayetwanga kisamvu tangu enzi hizo. Mie sina habari. Mchana nikapakia dumu kwenye bajaji, jua la saa saba, njia yenyewe mashimo matupu, dumu linatikiswa mpaka tunafika ofisi ya serikali ya mtaa.

Ilikuwa Ijumaa. Mwenyekiti katoka kuswali, kanzu nyeupe imenyooka kwa pasi, kofia ya viua kichwani, kakalia kiti cha mbele kabisa. Dumu limevimba kama shavu la mwenye jino bovu, na mimi nalitazama kwa fahari, naona mbolea imekubali.

Nikaliweka mezani, mbele yake kabisa, ili aone vizuri. Nikaanza: "Kina mama, watu wanaiogopa mbolea hii kwa ajili ya harufu. Hayo ni maneno ya wasioijua." Nikaugusa mfuniko. Ukafanya *fsss*, kidogo tu, kwa adabu. Mwenyekiti akasogeza kichwa.

"Mwalimu, mbona kama linapumua?"

"Ndiyo uzima wake huo, mwenyekiti. Humu mna viumbe hai."

Bibi mmoja akakusanya khanga yake, akanyanyua kiti, akahamia nyuma kabisa chini ya mwarobaini. Hakusema neno. Mimi nikadhani anafuata kivuli.

Nikazungusha robo. Ile *fsss* ikawa nene. Nikazungusha tena, nikiwa nimewageukia kina mama, natabasamu: "Na kama mnavyoona, haina haru…"

Ile "fu" haikutoka. Mfuniko ulipita jirani na sikio langu ukaenda kugonga bati la ofisi, na tulisikia wote unavyobiringika juu ya paa, taratibu, mpaka ulipoanguka upande wa pili. Kisha mchuzi ukapanda. Wallahi niliuona ukipanda: wa kahawia, una povu, ukafika usawa wa macho yangu, ukapita, ukasimama hewani kama unachagua nani. Ukamchagua mwenyekiti. Kanzu ikabadilika rangi kuanzia kifuani kwenda chini. Pezi la samaki likatua juu ya kofia, wima, likatulia. Mzee wa watu hakupiga kelele wala hakuinuka. Alinitazama tu, mchuzi unamdondoka kwenye nyusi. Na mimi kinywa bado kiko wazi kwenye ile "haru". Mnaotaka kujua ladha: inatangulia chumvi, unafuata utamu wa molasi, halafu unaanza kukumbuka dua za madrasa ulizosahau siku nyingi.

Halafu wakaja paka. Jamani, ule mtaa nimeishi miaka, sijawahi kuona paka wengi vile. Wakaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

Mengine ni ya kawaida. Watu walitawanyika, nikamwagiwa maji ya kisima hadharani, kanzu nimelipa, bajaji nimeiosha mwenyewe huku mwenye nayo akichekea simu yake. Mama mwenye nyumba anasema yeye alikuwa anasaidia tu. Kuna mbolea kidogo ilibaki kwenye dumu. Jioni yule bibi wa mwarobaini alikuja na chupa, akajaza, akaondoka nayo wazi, mfuniko kaushika mkononi.

Kina mama wanataka somo jingine, safari hii mkaa wa vumbi. Mwenyekiti nimempelekea mwaliko, amejibu kwamba atawakilishwa na mtendaji wa mtaa. Mtendaji naye, nasikia, kapata safari ya ghafla.