Siku Profesa Alipofia Dukani Kwangu

Mjomba aliponinunulia kompyuta aliniuliza swali moja tu: "Unajua hii ni magunia mangapi ya korosho?" Sikujua. Akaniambia. Sijawahi kuisahau ile hesabu, na usiku ninaousimulia hapa niliikumbuka mara nyingi sana.

Nina steshenari Chikongola, Mtwara mjini. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, na msimu wa sherehe nahariri video. Kompyuta yenyewe ilikuwa mtumba wa Ulaya, boksi jeusi lililokuja na vumbi la kwao, lakini ndani mlikuwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, aina ya Core i5-2500K. Hiyo herufi K ndiyo iliyoniponza. Intel walipozitoa mwaka 2011, zile za kawaida walizifunga mwendo. Zenye K walimwachia mwenye mali apandishe mwenyewe, mradi madabodi yake, ile bodi kuu inayobeba vyote, ikubali. Yangu ilikuwa Z68, na Z68 inakubali. Kwa hiyo kiwandani waliacha mlango wazi, na mimi mlango ukiwa wazi huwa siulizi kama mwenyewe yupo.

Ilikuwa Desemba. Mama mmoja alikuwa ameleta video ya sherehe ya kuwatoa wali jandoni, saa nzima na nusu ya ngoma na vumbi, akaitaka kabla ya Jumamosi maana anasafiri nayo Newala kwenda kuwaringishia ndugu. Kuitoa ile video ikiwa kamili kulichukua usiku mzima, na ilikuwa Alhamisi. Mtu mwingine angeiacha mashine ifanye kazi, akalala. Mimi nikaamua kuovakloki.

Kwa asiyejua, kuovakloki ni kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko alivyokusudia aliyeiunda. Hesabu yake ni nyepesi mno, ndiyo maana inatudanganya. Kuna pigo la megahezi 100, unalizidisha kwa 33, unapata gigahezi 3.3, mwendo wake wa kawaida. Ukifuta 33 ukaandika 48, tayari unayo 4.8. Umeongeza karibu nusu ya mwendo kwa kubonyeza vitufe viwili. Ila anayekimbizwa lazima alishwe, kwa hiyo na volti nazo unazipandisha. Volti ngapi? Hapo nikaenda YouTube.

Nikamkuta Mbrazili mmoja mwenye kompyuta kama yangu. Kireno chake hakikunitisha. Kuvuka Ruvuma tu, lugha ni hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba Kireno changu kinaishia kwenye salamu na bei ya samaki. Nikasema basi nitasoma namba kwenye skrini yake, namba hazina kabila. Lakini kifurushi kilikuwa kimebaki MB 60, nikaishusha video mpaka 144p, ule ubora ambao uso wa binadamu unakuwa kama uji wa ulezi. Mbrazili aliandika 1.35.

Mimi niliona 1.55.

Nikahifadhi, nikawasha. Ikawaka! Saa tano usiku, peke yangu dukani, nilisimama nikapiga makofi. Feni ilivuma kama mashine ya kukoboa, na ule mstari wa kuonyesha kazi ilipofikia ulikuwa unatembea kwa macho. Kama dakika arobaini hivi nilikuwa mtu mkubwa. Kisha skrini ikawa bluu, ikamwaga Kiingereza kingi kwa haraka kama mtu anayeungama, kikafuata giza.

Nikabonyeza kuwasha. Feni zikazunguka sekunde mbili, zikasimama. Zikazunguka tena, zikasimama. Kama mtu anayetafuta chafya haimjii.

Baadaye nilikuja kuelewa kilichotokea. Joto prosesa hizi zinajua kujikinga nalo. Zikikaribia nyuzi 100 zinapunguza mwendo zenyewe, zikizidiwa zinazima. Volti ulizoandika kwa mkono wako ni habari nyingine, hapo zinameza tu. Na ulaji wa umeme haupandi taratibu: volti zinajizidisha zenyewe kwa zenyewe, kisha unazidisha na mwendo. Ukipiga hesabu ya kutoka 1.2 na 3.3 kwenda 1.55 na 4.8, unakuta niliilisha zaidi ya mara mbili ya chakula chake, nikiwa na feni ile ile ya kiwandani, Desemba ya Mtwara, dirisha nimefunga kwa ajili ya mbu.

Asubuhi mama yangu akanikuta nimekaa sakafuni, boksi liko wazi.

"Kulikoni?"

"Prosesa imekufa, mama."

"Profesa? Innalillahi! Profesa gani?"

Nilikuwa nimechoka, nikasema tu, "Wa humu ndani." Jibu baya. Kabla sijarekebisha alishatoka kwenda kumwambia jirani yake anayeuza ming'oko, na kumwambia yule ni sawa na kupiga mbiu sokoni. Ilipofika saa nne walikuwa wamekuja watu watatu. Wa kwanza aliuliza maziko ni saa ngapi. Wa pili alikuja na jamvi. Wa tatu, mzee wa heshima zake, alinishika mkono akaniachia elfu mbili ya rambirambi kiganjani na kusema marehemu alikuwa mtu wa watu. Nilimrudishia, ingawa nakiri vidole vilichelewa kufunguka.

Sasa kutafuta ugonjwa. Maana moyoni nilikuwa bado nakataa kuwa ni prosesa. Nilitamani kiwe kitu kingine chochote, kitu cha bei nafuu. Nikachomoa ile betri ya madabodi, CR2032, nikasubiri, nikairudisha, ili bayosi, ile programu ya kuwashia mashine inayotunza mipangilio, isahau ujinga wangu. Ikasahau, haikuwaka. Nikatoa rami, vile vibao vya kumbukumbu, nikazisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikajaribu moja moja. Wapi. Nikashuku pawa saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme: nikaichomoa kwenye madabodi, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi, feni yake ikazunguka vizuri tu, kama inanicheka. Nikafungua feni ya prosesa, nikakuta ile pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa imekauka kama ugali wa jana, nikaifuta. Pesti mpya sina. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba dawa ya meno inasaidia.

Wakati huo mwenye video akaingia.

"Ntoto wangu, nimefuata video yangu."

"Kompyuta inaumwa, mama."

Akaiangalia ilivyolala matumbo nje. "Basi peleka kwa nganga, mie kesho nasafiri."

Mganga nikampata Magomeni, fundi mmoja mpole ambaye ukimwelezea tatizo anafumba macho. Nikamwambia CPU imekufa. "CPU ipi? Maana mkisema CPU mnasema boksi zima, na boksi naliona lipo." Nikasema prosesa. Akafungua feni, akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Kijana, hii kompyuta imepiga mswaki?"

Sikujibu. Kuna maswali mtu anayaacha yapite.

Akachukua pamba na spiriti, akaifuta prosesa taratibu, kona kwa kona, kama anayeosha maiti. Maandishi yakaanza kutokea kwenye kile kifuniko cha fedha: jina, namba, na lile neno MALAY. Akanyanyua kile kiwaya cha pembeni, akaitoa kwa vidole viwili, akaigeuza. Chini vidoti vya dhahabu vilikuwa safi, vinameta, hata kimoja hakina alama. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Nilitegemea nione doa, moshi, kitu cha kumwonyesha mtu. Akakagua na soketi, kile kitako inapokaa prosesa, kwa tochi ya simu, maana pini 1155 za aina hii zimo kwenye madabodi, na moja ikilala ugonjwa unafanana. Zote zimesimama kama askari wa gwaride.

Kisha akafanya jambo ambalo ningelifanya mimi usiku ule nikapona masaa kumi na mawili ya sononeko. Aliichukua prosesa yangu akaipachika kwenye mashine yake nzima ya soketi hiyo hiyo: giza. Akachukua prosesa ya mashine yake, i3-2100, akaipachika kwenye yangu. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka, skrini ikaandika. Hapo hata mimi sikuwa na la kubisha.

"Uliipa volti ngapi?"

"Moja nukta tano tano."

Akafumba macho kwa muda mrefu.

Ile i3 aliniuzia elfu thelathini na tano. Kwenye daftari la duka niliandika "wino". Mwenye video alisafiri mikono mitupu na akanitangaza mpaka Newala. Nilimtumia wiki iliyofuata, maana i3 ina viini viwili tu vya kufanyia kazi badala ya vinne, na ile video ilitoka kwa mwendo wa kobe mwenye mawazo.

Jumapili yake mjomba akapiga simu kutoka Tandahimba: mnada umekwenda vizuri, malipo yameingia, yuko njiani. Prosesa ya K nikaifungia kwenye droo, chini ya bahasha za kaki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu washa hiyo kitu."

Nikawasha. Mjomba akakaa, akainamisha kichwa, akatega sikio upande wa boksi kama daktari. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ghafla amekumbuka kuna sehemu ya fremu haijafutwa vumbi.

"Mbona siku hizi haingurumi?"

"Imetengenezwa, mjomba." Na si uongo. Ile ya zamani ni ya wati 95, hii ni ya 65, feni haina cha kupigania.

"Alhamdulillahi. Maana ilikuwa inavuma, nikawa nasema kimoyomoyo wameniuzia mashine ya kukoboa. Nani kaifanya?"

Mama akakohoa.

"Mimi mwenyewe, mjomba."

Akaingiza mkono mfukoni, akachambua, akatoa noti ya elfu kumi ambayo bado ilikuwa inanukia benki. "Shika. Fundi halipwi kwa asante."

Nikaipokea kwa mikono miwili, mgongo nimeuegemeza kwenye droo.