Waliahidiwa miaka miwili

Mwandishi ninayemjibu hapa ameeleza vizuri maisha ya Grise Fiord na Resolute, vijiji viwili vya visiwa vya kaskazini kabisa mwa Kanada, ila sikubaliani naye anaposema Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini, walikwenda huko mwaka 1953 kwa hiari yao kufuata mawindo. Serikali ya Kanada ndiyo iliyowasafirisha kwa meli kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, karibu kilomita 2,000. Kwao kulikuwa na ndege wa kuwinda na matunda ya porini. Huko juu jua halichomozi kwa miezi kadhaa, na msimu wa kwanza wa baridi waliumaliza ndani ya mahema! Waliahidiwa kurudishwa baada ya miaka miwili wakitaka, ahadi ikayeyuka. Tena walikuwa tayari melini ndipo wakaambiwa watagawanywa, ndugu huku na ndugu kule.

Wengi wanaamini, nami nimo, kwamba Kanada ilitafuta watu wa kuthibitisha kuwa visiwa vile ni mali yake enzi za Vita Baridi. Mwaka 1996 ikatoa dola za Kanada milioni 10 bila kuomba radhi. Radhi ilikuja Agosti 2010, wengi wa waliopandishwa meli wakiwa watu wazima wameshazikwa.