Akili hana huyo mdudu, msifuni ndege

Kila video ya hawa mbawakawa wanaoiga sisimizi lazima ukute mtu kakomenti "duh huyu mdudu ana akili sana", na hapo ndo nakereka, maana akili gani, mwenyewe hata hajui kama kafanana na sisimizi!

Chukua Euderces picipes, anapatikana mashariki ya Marekani na Kanada, mdogo tu, sentimita moja hafikishi, buu lake linakulia ndani ya matawi yaliyokufa ya mialoni na miti mingine migumu, akishakomaa anatoka anaenda zake kwenye maua. Ni wa ukoo wa wale wenye antena ndefu kupita mwili, ila za huyu ni fupi, na mbio zake ni zile za kushtukashtuka, anakimbia anasimama anageuka ghafla, sisimizi mtupu.

Kinachonimaliza mimi ni kiuno. Sisimizi ana kiuno chembamba kama uzi, huyu hawezi kuwa nacho kwa sababu mgongo wote umefunikwa na mabawa magumu. Sasa msogelee uone: katikati ya hayo mabawa kuna mstari mweupe umekatiza, mbele yake pamekunjamanakunjamana, nyuma panang'aa, yaani ukimtazama harakaharaka unaona vipande viwili vilivyobanwa katikati. Kiuno cha kuchora!

Na aliyechora ni ndege, na buibui, na wote wanaowinda kwa macho. Aliyefanana ovyo aliliwa, aliyefanana afadhali akapona akazaa, hivyohivyo vizazi na vizazi. Sisimizi mwenyewe nani anamtaka, anang'ata, wengine wanarusha asidi, na ukimgusa mmoja umewaita wote (kama ulishawahi kupanda mwembe wenye majimoto unanielewa). Mwingereza Henry Walter Bates, mchunguzi wa wadudu aliyekaa kwenye misitu ya Amazon kuanzia 1848 mpaka 1859, ndo alikuja kueleza uigaji wa namna hii mwaka 1862, mfano wake ulikuwa vipepeo, ingawa hawa mbawakawa wa antena ndefu nao alikuwa anawajua kinoma.

Halafu ujanja wenyewe una masharti. Waigaji wakizidi idadi ya sisimizi wenyewe, ndege ataonja mmoja, ataona kumbe mtamu, ataonja na wa pili, na hapo kiuno cha kuchora hakimsaidii mtu.