Kipa wa pili aambiwe mechi zake mapema

Timu ikifungwa goli la kizembe, kibanda umiza kizima cha kuangalia mpira hapa Mtwara kinageuka benchi la ufundi. "Mtoe huyo, muweke yule mwingine!" Na msimu wa korosho, watu wakiwa na hela ya kiingilio, makocha huongezeka maradufu. Kwa winga, sina neno. Kwa kipa nakataa, hata kama timu ina makipa wawili ambao huwezi kusema yupi zaidi.

Winga akiingia dakika ya 60 anakutana na beki aliyechoka, kazi imerahisika. Kipa anayeingia anakuta mabeki waliozoea sauti ya mwenzake. Krosi inapopigwa, beki wa kati hana muda wa kugeuka na kuuliza nani anaufuata mpira. Lazima ajue tangu mazoezini kwamba kipa huyu hutoka, au huyu hubaki kwenye mstari. Ukibadilisha kila baada ya kosa, mabeki hawajui lolote, na makipa wote wawili wanacheza kwa kuogopa kosa lijalo.

Watakwambia mafahari wawili hawakai zizi moja. Barcelona walikaa. Msimu wa 2014/15 Luis Enrique alimpa Claudio Bravo ligi, akampa Marc-André ter Stegen Kombe la Mfalme na Ligi ya Mabingwa. Bravo alicheza mechi 37 za ligi, Ter Stegen hakugusa hata moja, na mwisho wa msimu timu ilibeba makombe yote matatu. Mwaka mmoja kabla, Carlo Ancelotti alifanya hivyohivyo Real Madrid: Diego López kwenye ligi, Iker Casillas kwenye vikombe. Casillas alitoka vibaya kwenye goli la Godín wa Atlético katika fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Lisbon, lakini wakashinda na kombe wakachukua. Kilichosaidia, kwa maoni yangu, ni kwamba kila mmoja alijua mechi zake. Hakuna aliyekuwa akisubiri mwenzake ateleze.

Hata hivyo mpango huo haudumu. Kufikia 2016 Bravo alishaenda Manchester City, kwa sababu kipa mwenye kiwango kile hataki nusu ya kazi milele. Arsenal ilikuwa haraka zaidi. Mikel Arteta alimleta David Raya mwaka 2023, akasema anaweza kuwatumia wote wawili, na hata kubadilisha kipa katikati ya mechi si ajabu kwake. Raya alipoingia mwezi Septemba, Aaron Ramsdale akawa wa benchi, na mwaka uliofuata akaenda Southampton. Afadhali angeambiwa ukweli siku ya kwanza.

Huku kwetu mambo huamuliwa zaidi na jeraha. Mwaka 2023 Aishi Manula alipoumia, Ally Salim alisimama langoni Simba ikaifunga Yanga 2-0 mwezi Aprili, halafu Agosti akapangua penalti tatu za Yanga kwenye fainali ya Ngao ya Jamii pale Mkwakwani. Novemba, Manula ndiyo kwanza ametoka kwenye jeraha la miezi, akapangwa kwenye dabi. Yanga tano, Simba moja. Simbebeshi mzigo wote Manula, mabeki siku ile walikuwa wamelala. Ila kipa aliyekaa nje muda wote ule hurudishwa kwa mechi nyepesi kwanza, na Kariakoo Dabi, Simba na Yanga, si mechi nyepesi.

Sasa wapo wanaotaka Namungo, timu ya Ruangwa mkoani Lindi, nao wagawane mechi kwa makipa wawili kama Barcelona. Wagawane nini? Barcelona msimu ule walicheza mechi 60. Namungo wana mechi 30 za ligi na Kombe la Shirikisho la hapa nchini, ambalo unaweza kutolewa raundi ya kwanza. Msimu wa 2020/21, walipofika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, hoja hiyo ingekuwa na maana. Leo kipa wa pili pale Ruangwa anaweza kumaliza msimu na mechi mbili.

Ndiyo maana ningependa klabu kubwa za Dar ziache kuwaweka benchi makipa watatu wazuri. Wa pili apelekwe kwa mkopo Ruangwa msimu mzima, akadake kila wiki pale uwanja wa Majaliwa, mpira wa juu kwa mpira wa juu. Wakimhitaji tena, barabara ya kurudi Dar kupitia Kibiti ipo.