Niachieni Upande A Uishe

Mimi sidai makubwa. Sidai gari, sidai kiwanja Goba, sidai hata mchango niliotoa kwenye harusi ambayo bwana harusi aliingia mitini. Ninachodai katika jiji hili la Dar es Salaam ni dakika 20 na ushei, basi. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12, kuanzia sindano inapogusa sahani mpaka inapofika katikati na kuanza kukwaruza. Dakika 20! Foleni ya Tazara peke yake inameza zaidi ya hapo na konda bado anakwambia "tunaondoka sasa hivi."

Na santuri yenyewe si ya fujo. Ni ya Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazz wa Marekani, ile aliyorekodi Januari 1960 kule New York. Yeye na gitaa lake, Tommy Flanagan kwenye piano, na ndugu wawili wa familia ya Heath: Percy kwenye besi, Albert kwenye dramu. Watu wanne, kwisha. Hakuna tarumbeta, hakuna wanenguaji, hakuna mtu anayekatiza solo ili ataje majina ya mapedeshee.

Sasa sikieni habari za huyu Wes. Kule Indianapolis mchana alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Usiku anapiga gitaa baa, na ile baa ikifungwa anahamia nyingine inayokesha. Nyumbani kuna mke na watoto wa kutosha. Noti za muziki hasomi. Gitaa lenyewe amejifunza ukubwani, kwa kusikiliza santuri za Charlie Christian na kuzifuata solo zake moja baada ya nyingine. Na muda wa mazoezi upi? Usiku, watu wamelala. Kwa hiyo, inavyosimuliwa, akakiweka pembeni kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, akawa anapiga kwa dole gumba, ili sauti iwe laini na majirani wasilalamike.

Narudia, maana najua hapa Temeke kuna watu hawajanielewa. Majirani. Wasilalamike.

Jirani yangu mimi, wa chumba cha mbele, ana spika mbili zinazonifika kiunoni. Chumba chake ni futi 10 kwa 10. Spika zikiingia, yeye inabidi atoke. Ndiyo maana muda mwingi utamkuta kakaa barazani anachezea simu, na muziki uko ndani peke yake unajisikiliza. Anapiga singeli. Na singeli sina ugomvi nayo, msinielewe vibaya. Ni muziki wetu, vijana wa Manzese na Tandale wameutoa uswahilini mpaka umepanda majukwaa ya Ulaya, heshima yao. Lakini mapigo yanapita 200 kwa dakika na mimi ni mgonjwa wa presha. Kulia Wes anapiga bluzi ya taratibu, kushoto ukuta unatetemeka kwa singeli. Moyo wenyewe unabaki katikati haujui ufuate kipi.

Na ubaya zaidi, Wes ni mtu wa utaratibu. Solo yake mara nyingi ina ngazi tatu. Kwanza noti moja moja, anazungumza na wewe kistaarabu. Halafu zinakuja okteva, noti ileile inapigwa ya chini na ya juu kwa pamoja, na gitaa linanenepa ghafla. Mwisho ndiyo kodi, nyuzi kadhaa kwa mkupuo mmoja, na hapo mwenye roho nyepesi hawezi kubaki kwenye kiti. Ngazi ya kwanza naisikia vizuri. Ya pili kwa tabu. Ya tatu, tangu nihamie nyumba hii, nasimuliwa tu.

Kwa sababu noti moja moja zikikaribia kwisha, anapita yule bwana wa baiskeli mwenye kipaza sauti. "Dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya! Panya anakula ndani anafia nje!" Kajirekodi. Mwenyewe kafumba mdomo anaendesha, sauti inajirudia. Na hapiti akaenda zake. Anasimama chini ya dirisha langu, maana pale kuna kivuli cha mwarobaini, anapumzika yeye, spika haipumziki. Okteva zikiingia, anakuja muuza kahawa anagonga vikombe. Huyo namsamehe. Anagonga kwa mapigo, na kuna jioni aliingiana na dramu ya Albert Heath mpaka nikasogeza sikio kuhakikisha yumo kwenye santuri au yuko barabarani. Halafu ndani mtu anachomeka pasi, LUKU inaanza kulia pii, pii, pii. Na solo inapopanda kwenye kodi, ndipo unasikia mlangoni:

"Hodi!"

Mama mwenye nyumba. Kafuata kodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Naona leo umetulia, unasikiliza muziki."

Kwa lugha ya wenye nyumba wa Dar, hapo ameshakwambia kwamba hela ya muziki unayo.

"Si muziki mama, ni vitu vya zamani tu hivi."

"Vya zamani ndiyo ghali, baba. Sasa mimi nimekuja kwa ile miezi sita."

Miezi sita, kwa mkupuo mmoja. Wakati tunajadiliana upande A umeisha, sindano inakwaruza katikati, na mama anauliza huo ndio wimbo gani.

Ukisema ngoja nisubiri usiku, kukiwa kimya kabisa, usiku ndipo umeme unakatika. Hapo kuna kitu nataka niwaelezee wasiowahi kukiona. Umeme ukikatika, spika zinakufa papo hapo, lakini sahani bado ina mwendo, inaendelea kuzunguka. Ukiinamisha sikio karibu kabisa na sindano unamsikia Wes mwenyewe, kisauti chembamba cha kwenye mifereji ya santuri. Kila sahani inavyochoka, gitaa linazama. Noti za juu zinakuwa za kati, za kati zinakuwa za chini, mpaka linatoa mngurumo, kimya. Mke wangu alinikuta gizani nimeinama hivyo na tochi ya simu mkononi. Akaniuliza kibla kimehamia huko tangu lini.

Na hali ya hewa ya mji huu haitaki santuri. Majalada yanaota ukungu, karatasi zinashikana, na ukisahau sahani karibu na dirisha linalopigwa na jua la mchana inapinda. Ninayo moja, sindano inapanda na kushuka juu yake kama kivuko cha Kigamboni siku ya upepo. Nimebandika sarafu ya shilingi 200 kwenye kichwa cha mkono wa sindano ili itulie. Wataalamu wanasema sarafu inakula santuri. Wataalamu hao waje wanipe sindano mpya.

Maana sindano zenyewe, nendeni Kariakoo mkaulize. Kijana wa duka la kwanza akaniuliza, "Ya cherehani ya kawaida au ya kushonea magunia, mzee?" Wa pili akanielekeza duka la dawa za mifugo. Wa tatu alinihurumia kweli, akasema hiyo mashine niachane nayo, yeye ataniwekea nyimbo mia nane kwenye flashi sasa hivi, tena ananiongezea na mahubiri. Nikampelekea fundi redio mmoja mzee, anayekaa uchochoroni nyuma ya maduka ya vitenge. Yule hakuniuliza kitu. Alivuta kopo la biskuti kutoka chini ya meza, akalifungua, sindano zimejaa humo za tangu enzi za Mwalimu, akawa anazichambua moja moja kwa koleo ndogo, miwani iko puani. Nilitaka kumbusu mkono.

Tatizo likaja wakati wa kujaribu. Aliposikia gitaa akasimamisha kazi.

"Hii nini?"

"Jazz, mzee wangu."

"Jazz ipi? Mimi nazijua zote. NUTA, Western, Kilwa, Tabora, Morogoro, Dar es Salaam Jazz. Huyu wa bendi gani?"

Nikamweleza ni wa Marekani. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. NUTA Jazz imeanza 1964, akasema, na leo ndiyo hiyohiyo Msondo Ngoma. Huyo wako bendi yake iko wapi leo? Sikuwa na jibu. Akaendelea kumwaga sumu. Solo la Mbaraka Mwinshehe likianza, mtu anajua hili ni solo, wenzake wa ridhimu na besi wanampisha barabara, linapaa, linarudi, watu wanacheza. Huyu wako anazungukazunguka tu, watu wamekaa. Nikajitetea kwamba Wes na Mbaraka ni walewale: wote walitegemea sikio, na wote waliondoka mapema, Wes kwa moyo mwaka 1968 akiwa na miaka 45, Mbaraka kwa ajali ya gari kule Kenya Januari 1979 akiwa na 34.

"Mbaraka alikwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, maonyesho ya dunia, 1970," akasema fundi. "Huyo wako alikwenda?"

"Angekwendaje, mzee? Alishakufa miaka miwili nyuma."

"Basi."

Kwake kesi imekwisha hapo. Akanichaji na hela ya mabishano.

Ila njiani kwenye daladala nikawa nafikiri, wa kulaumiwa si fundi wala jirani. Ni huyohuyo Charlie Christian. Zamani gitaa kwenye bendi kubwa halikuwa na sauti mbele ya tarumbeta na saksofoni, lilikaa nyuma linachapa mapigo tu. Charlie akaingia bendi ya Benny Goodman 1939 na gitaa la umeme lenye amplifaya, akasimama mbele akapiga solo sawa na wapuliza saksofoni. Kifua kikuu kikamchukua 1942, miaka 25 tu, lakini mlango ukawa umeshafunguliwa. Na ukishafungua mlango wa amplifaya, hujui atapita nani. Amepita Wes, amepita Mbaraka, na nyuma yao amepita jirani yangu na spika zake, na yule wa dawa ya panya.

Kuhusu Django Reinhardt sisemi sana, kwa sababu nikimtaja najitafutia ugomvi na kwaya. Alikuwa na miaka 18 gari lao la kuishi lilipoungua moto, 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikalemaa. Akajifunza gitaa upya, solo anapiga kwa viwili vilivyobaki, na Paris nzima ikamvulia kofia. Mtaani kwetu kuna kijana anapiga gitaa Jumapili, ana vidole kumi, vyote vizima kabisa. Naishia hapo.

Nyumbani mimi ninayo santuri moja tu inayoruhusiwa mchana kweupe. Ni ya mpiga gitaa mwingine, Kenny Burrell, 1963. Siri yake ni kwamba hakuweka piano, akamweka Ray Barretto kwenye tumba. Mke wangu, ambaye kwake muziki usio na maneno ni redio mbovu, siku ya kwanza alikuwa anachambua mchele uani. Tumba ilipoanza nikaona ungo umeacha kwenda mbele na nyuma kwa fujo, ukashika mapigo. Chuya zinaruka kwa zamu. Bega likaingia. Nikamwangalia, akaniangalia, akasema, "Huyu mpiga tumba anaonekana mtu wa pwani." Barretto ni wa New York, wazazi wake wa Puerto Rico. Nikasema ndiyo, wa Bagamoyo. Sikutaka kuharibu.

Sasa juzi kaja mjumbe. Anasema kuna malalamiko ya kelele kwenye nyumba hii. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, hatimaye kajitokeza mwenye akili kazisemea zile spika. Kumbe mlalamikiwa ni mimi, na mlalamikaji ni mwenye spika. Anadai muziki wangu unamnyima usingizi: mtu unalala unasubiri waanze kuimba, hawaanzi, unasubiri, hawaanzi, mpaka kunakucha.

"Sheria ni msumeno, mzee mwenzangu," mjumbe akasema, akafungua daftari. "Huyo anayepiga hilo gitaa nani?"

"Wes Montgomery."

Akaandika taratibu, na herufi akanirudishia mara mbili. "Mpangaji?"

"Hapana. Mtu wa Indianapolis."

"Na yuko hapa kwako muda mrefu?"

"Miaka mingi."

Akaniangalia juu ya miwani. "Miaka mingi, na hujawahi kumleta aandikishwe?"

Nikamweleza kwamba alifariki 1968. Mjumbe akanyanyua kalamu, akafikiri, akaona hilo ni jambo lililomzidi cheo. Nimeambiwa Jumatatu asubuhi nifike ofisi ya serikali ya mtaa na cheti chake cha kifo, nakala tatu, na picha mbili saizi ya pasipoti.