Hadithi za Wamisionari na Historia Tunayowapa Watoto wa Bagamoyo

Februari 1874 mwili wa David Livingstone uliingia Bagamoyo, umebebwa mabegani tangu kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ulilazwa usiku mmoja kwenye kanisa la misheni, ambalo mnara wake umesimama hadi leo, kisha ukavushwa Unguja na kupelekwa London. Watoto ninaowafundisha shule ya Jumapili wanakijua kisa hicho, na hawakukipata darasani. Wamekipata kwenye hadithi za kusisimua za Kikristo, zile ambazo mwandishi hubuni mtoto wa miaka 10 hivi na kumweka ubavuni mwa mtu wa kweli: mmisionari, mfiadini, au mtafsiri wa Biblia anayewindwa na watawala.

Je, mtoto afundishwe historia ya dunia kwa njia hiyo? Wazazi wenzangu hawakubaliani. Mimi nazipenda hadithi hizi, na bado zinanitia hofu.

Historia ya shuleni watoto wetu huikariri. Mtoto atakutajia sababu za kukomeshwa kwa biashara ya utumwa kwa mpangilio uleule wa daftari, na mtihani ukipita, zimekwenda. Hadithi humkalisha gizani pamoja na mtu asiyejua kesho itakuwaje. Aliyesimuliwa habari za Perpetua, mama kijana aliyeuawa Carthage mwaka 203 kwa ajili ya imani yake ya Kikristo, akiwa ameacha mtoto anayenyonya, hatasahau kwamba Dola ya Kirumi ilitawala kaskazini mwa Afrika, wala kwamba Ukristo ulikuwa katika bara hili zaidi ya miaka 1,200 kabla ya merikebu za Wareno kuonekana pwani yetu. Hilo ni somo kubwa, na limeingia bila kiboko.

Wapo wanaosema kubuni ni kudanganya. Hoja hiyo hainisumbui. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa tenzi na masimulizi ya mabibi. Kinachonisumbua ni nani anayewekwa katikati ya kisa.

Chukua safari ileile ya Livingstone. Hadithi nyingi humfanya yeye shujaa, na wapagazi wakawa "watumishi waaminifu". Lakini bwana mkubwa alikwisha kufa tangu Mei 1873. Kuanzia hapo kila uamuzi ulikuwa wao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Nasik huko India, alisoma sala za maziko na kuchonga maandishi kwenye mti ule. Karibu na Tabora walikutana na Mwingereza Cameron, akawashauri wamzike hapohapo, wakakataa. Mbele zaidi, wenyeji walipozuia maiti isipite, wapagazi walijifanya wanairudisha ikazikwe, kumbe wameifunga upya ikaonekana kama robota la nguo, wakapita nayo. Kama ni msisimko unatafutwa, upo hapo! Na Abdullah Susi, mmoja wa viongozi wa msafara, hakuwa Mkristo bado; alibatizwa miaka kadhaa baadaye. Hadithi ambayo kila mtu mwema ndani yake lazima awe Mkristo haijui imweke wapi mtu kama Susi.

Halafu kuna adui. Karibu kila mara ni Mwarabu mwenye mjeledi. Utumwa ulipita Bagamoyo kweli, na sitaki ufichwe. Ila msomaji wangu anakaa dawati moja na mtoto ambaye babu yake huvaa kanzu na kofia, na hadithi haimwambii kitu kingine zaidi ya mjeledi. Haimwambii kwamba pembe za ndovu zilizoteremshwa hapa na misafara zilikwenda kuwa vibao vya piano huko Marekani, kwenye nyumba za watu waliosali kila Jumapili. Haimwambii kwa nini bibi yake anaita kitambaa "merikani": kilifumwa Massachusetts na kubadilishwa kwa pembe hizohizo. Historia ya dunia imo kabatini mwa bibi, na hatuifungui.

Wanaozitetea hadithi hizi husema mtoto mdogo hawezi kubeba mambo mazito namna hiyo. Kwa mtoto wa miaka 6 nakubali. Kwa wa miaka 10 sikubali. Misheni ilipoanzishwa hapa mwaka 1868, watoto walinunuliwa kutoka kwa wafanyabiashara wa utumwa ili wawe huru. Hadithi huishia langoni, watoto wakishangilia. Ndani ya lango kulikuwa na ratiba kali, mashamba ya misheni ya kulima, na ndoa zilizofungwa chini ya macho ya mapadre. Wengine walitoroka. Wengine wakawa makatekista wakaibeba Injili hadi bara. Mtoto akiambiwa yote mawili ataelewa. Anayeogopa ni sisi watu wazima.

Kama mwamini, kinachoniuma zaidi ni jinsi hadithi hizi zinavyomwokoa shujaa wao kila sura. Kwenye misafara ya watumwa walikuwepo waliomlilia Mungu na hawakufika. Mtoto aliyelishwa maponyoko tu, siku msiba ukibisha hodi kwao atadhani Mungu amewaacha. Perpetua hakuokolewa, aliuawa kwa upanga, na ndiyo maana yeye siachi kumsimulia.

Kwa hiyo nitaendelea kuzisoma, ila kila sura ikiisha nawauliza watoto: nani mwingine alikuwepo? Mwanzoni walinyamaza. Sasa wanamtaja Halima, mpishi wa msafara, kabla sijauliza.

Na kama yupo mwandishi Mkristo anayetafuta kisa, aende Aksum, mji wa kale wa Uhabeshi, yaani Ethiopia. Karibu mwaka 615, wafuasi wa Mtume Muhammad walivuka Bahari ya Shamu wakikimbia mateso ya Makka, na mfalme Mkristo wa Uhabeshi, Najashi, akakataa kuwarudisha kwa waliowafuata na zawadi mkononi. Waislamu wanakisimulia kisa hicho mpaka leo. Watoto wetu wengi hawajakisikia. Hiyo ningeisoma hapa Bagamoyo kwa sauti kubwa, na madirisha yote wazi.