Anayenunua Kipodozi Ghali Hafuji Pesa Kila Mara

Mtu anayetafuta cha kujipaka usoni jijini Arusha anaweza kutoa shilingi elfu tano au laki tano, na kwa vyovyote hatakosa wa kumcheka. Akichukua kopo la mafuta ya mgando ataambiwa hajijali. Akimwagiza ndugu anayerudi kutoka Nairobi kupitia Namanga amletee kichupa cha Ufaransa, ataambiwa amekosa pa kupeleka pesa. Kicheko hiki cha pili ndicho kinachosikika zaidi, na kwa kuwa kimevaa joho la busara hakuna anayekihoji: vipodozi ghali ni jina na kopo tu, bibi zetu walijipaka samli na wakazeeka vizuri, na mwanamke anayelipa mara ishirini kwa kitu kilekile amelaghaiwa na picha. Naona hoja hiyo ni sahihi kuhusu bidhaa nyingi kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini. Lakini pale inapokosea inakosea vibaya, tena inamwonea mtu ambaye mara nyingi amepiga hesabu kuwazidi wanaomcheka.

Tuwape kwanza wabana matumizi haki yao, kwa kuwa haihitaji maneno mengi. Krimu ya kulainisha ngozi, hata iwe na jina refu kiasi gani, ina kazi chache: kuvuta maji na kuyashikilia katika tabaka la juu la ngozi, kulainisha palipokakamaa, na kuziba ili maji hayo yasipotelee hewani. Gliserini hufanya kazi ya kwanza, na hupatikana katika maduka ya dawa kwa bei ndogo. Mafuta ya mgando, ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1872, hufanya ya mwisho, na hadi leo ni vigumu kupata kiambato kinachoyashinda katika kuziba. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inaposhuka kutoka Meru na mashavu ya watoto wa Ngaramtoni yanapoanza kupasuka, kopo hilo la bei ndogo linafanya kazi ileile ambayo krimu ya laki tatu ingefanya, na pengine linaifanya vizuri zaidi.

Hata wenye viwanda hawalifichi sana jambo hili, kwa kuwa mara nyingi ni walewale. Kampuni ya Beiersdorf ya Hamburg, Ujerumani, ndiyo inayotengeneza Nivea, iliyoanza kuuzwa mwaka 1911 na ambayo duka la mtaani Sakina halikosi kuwa nayo. Ndiyo pia inayomiliki La Prairie, ambayo krimu zake huuzwa kwa mamia ya dola. L'Oréal inamiliki Lancôme, na inamiliki pia Garnier na CeraVe. Estée Lauder inamiliki La Mer na pia The Ordinary, inayojulikana kwa bei zake za chini. Hii haina maana kwamba makopo yote yamejazwa kutoka pipa moja, bali kwamba ujuzi wa kulainisha ngozi si siri inayofungiwa katika chapa za kifahari. Anayetaka uthibitisho ageuze kopo asome nyuma. Viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, mpaka kufikia vilivyo chini ya asilimia moja, ambavyo mtengenezaji huruhusiwa kuvipanga apendavyo. Ile lulu, ile dhahabu, ule mwani wa baharini uliopamba tangazo, mara nyingi utaukuta umejibanza mwishoni, jirani na manukato.

Kuhusu dawa zenye nguvu za kweli za kubadili ngozi, hali si tofauti sana. Tretinoini, ambayo iliidhinishwa Marekani kutibu chunusi mwaka 1971 na baadaye ikaonekana inapunguza mikunjo, ni dawa ya kuandikiwa na daktari, haihitaji chapa ya kifahari, na mtu wa kaskazini ana bahati ya kuwa na wataalamu wa ngozi karibu, maana kituo cha kanda cha kufundisha tiba ya ngozi kimekuwa katika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992. Seramu za vitamini C, yaani vimiminika vya kupaka usoni, zina utetezi zaidi, kwa sababu kuifanya vitamini hiyo isiharibike ndani ya chupa ni kazi ngumu kweli, na mchanganyiko unaojulikana zaidi, wa asilimia 15 ya vitamini C pamoja na vitamini E na asidi ya feruliki, ulitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliolindwa kwa hataza. Ila vitamini hiyo huharibiwa na joto, mwanga na hewa, na ikishageuka rangi ya chai ya rangi huwa imechoka. Kichupa cha laki nne kilichokaa wiki kadhaa ndani ya kontena na miezi mingine kwenye rafu inayopigwa na jua kimepoteza sehemu ya kile ulicholipia kabla hujakifungua.

Krimu ya kukinga jua inahitaji tukae nayo zaidi, kwa kuwa ndiyo bidhaa ambayo wengi huitetea kwa kusema, "Hapa usibane." Ni kweli kwamba hapa si pa kupuuza. Arusha iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta na takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana inayodhuru ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Baridi yetu hudanganya: mtu amevaa sweta na bado jua linamfanyia kazi usoni. Lakini tuangalie namna kinga inavyopimwa. Namba ya SPF iliyoandikwa kwenye kopo, yaani kipimo cha kinga dhidi ya jua, hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Uso wa mtu mzima una takriban sentimita za mraba 600, hivyo kwa uso peke yake, bila shingo wala masikio, inatakiwa gramu 1.2 kila unapopaka. Kopo la mililita 50 litatosha mipako kama 40. Tuseme limenunuliwa kwa shilingi laki moja na elfu ishirini: kila asubuhi umejipaka shilingi elfu tatu, na ukifuata ushauri wa kurudia mchana ukiwa juani, elfu sita, na kopo linaisha kabla ya mwezi.

Ni nani anayefanya hivyo? Tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba watu hujipaka robo hadi nusu tu ya kiasi hicho, na hiyo ni katika nchi ambazo bidhaa hizi ni rahisi kupatikana. Mtu mwenye kopo la laki na ushee analiwekea akiba, analibana, analipaka siku za safari, na kwa kufanya hivyo anabaki na sehemu ndogo ya kinga iliyoandikwa. SPF 30 ikipakwa kwa kipimo huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile sehemu ya urujuanimno inayounguza zaidi, na SPF 50 huzuia asilimia 98. Tofauti ya namba hizo mbili si kitu mbele ya tofauti ya kupaka ya kutosha na kupaka kwa ncha ya kidole. Kwa hiyo bei kubwa, ambayo kwingine ni hasara ya mfuko tu, kwenye krimu ya jua ni kasoro ya bidhaa yenyewe, kwa kuwa inamfanya mtumiaji aitumie vibaya. Ushahidi wa karibu uko Moshi. Watu wenye ualbino, ambao ngozi zao ziko hatarini kuliko za mtu yeyote hapa nchini, hugawiwa bure krimu ya Kilisun, iliyoanza kutengenezwa palepale KCMC ikiwa na SPF 30. Wenye haja kubwa kuliko sisi sote wanatunzwa na krimu isiyo na tangazo, kwa hiyo sioni sababu ya mwenye haja ndogo kudai kwamba bila kopo la Paris ataungua.

Mpaka hapa wabana matumizi wanashinda, na naona wangetaka tuishie hapa. Lakini kicheko chao hakichagui. Kinamkuta pia mwanamke aliyelipa laki na nusu kwa fandesheni, kile kipodozi cha kusawazisha rangi ya uso, na yeye ana kesi tofauti kabisa.

Krimu ya kulainisha haiijui rangi yako, ilhali fandesheni ni rangi. Kwa muda mrefu viwanda vilitengeneza rangi nyingi kwa ngozi nyeupe na mbili tatu kwa sisi wengine, na hizo mbili tatu mara nyingi zilipatikana kwa njia ya mkato: unachukua mchanganyiko wa msingi uliojaa titani dioksaidi, ambayo ni nyeupe, kisha unaongeza nyeusi mpaka ugiza utoshe. Matokeo yake ni uso wa majivu. Ngozi ya mtu mweusi haina weusi mtupu. Ndani yake kuna wekundu, manjano, mara nyingine hata ubuluu, na ili kuipata inabidi kupunguza ile nyeupe na kupima upya oksidi za chuma, ule unga unaotoa rangi nyekundu na njano, kwa kila rangi moja moja. Kazi hiyo inagharimu. Tena kila rangi inayoongezwa ni shehena ya kuhifadhiwa ghalani na kwenye rafu hata kama wanunuzi wake ni wachache, na hicho ndicho ambacho mtengenezaji wa bidhaa rahisi hawezi kukimudu au hataki. Fenty Beauty ilipoingia sokoni Septemba 2017 na rangi 40 kwa mpigo, chapa nyingine kubwa zililazimika kupanua safu zao. Kumbe iliwezekana siku zote, ila hakuna aliyetaka kuilipia. Anayelipa zaidi hapa hajalipia jina tu. Amelipia kutambuliwa kwamba yupo.

Wako wanaojibu kwamba mtu anunue chupa mbili za bei ndogo, nyepesi na nzito, azichanganye. Wapambaji wetu wengi hufanya hivyo kwa ustadi mkubwa, na siwezi kuwadharau. Hata hivyo, rangi mbili zenye majivu zikichanganywa huzaa majivu ya kati, na asiye na jicho la mpambaji anaishia kununua chupa ya tatu. Nenda kwenye harusi za Moshi mwezi Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani na kumbi zikajaa kila Jumamosi, utazame picha baadaye: bibi harusi mwenye shingo ya kahawia na uso wa mtu aliyepona homa jana. Wakati mwingine si rangi iliyokosewa, bali ni titani au zinki ya kukinga jua iliyomo ndani ya fandesheni ikirudisha mwanga wa kamera. Makosa haya hata chapa ghali huyafanya, nakubali, lakini kwenye safu ya rangi 40 kuna pa kukimbilia.

Hesabu nayo inageuka. Kichupa cha mililita 30 kinachotumika mara mbili kwa wiki, Jumapili na siku ya sherehe, kinaweza kutoa, tuseme, mipako mia moja kwa mwaka. Kwa laki na nusu, kila mpako ni shilingi elfu moja na mia tano, nusu ya ile krimu ya jua ambayo hakuna aliyemcheka mtu kwa kuinunua. (Tahadhari moja: ile alama ya kopo lililo wazi yenye 12M inamaanisha miezi 12 tangu kufunguliwa, hivyo anayejipodoa mara moja kwa mwezi hana sababu ya kumiliki kichupa kizima; amlipe mpambaji.) Liko na jambo ambalo halitajwi vya kutosha. Madoa meusi yanayowasumbua watu wenye ngozi nyeusi huchochewa pia na mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao krimu ya jua isiyo na rangi huuzuia kidogo sana, na kinachosaidia kuuzuia ni zile oksidi za chuma, yaani rangi yenyewe. Fandesheni iliyokolea vizuri haichukui nafasi ya krimu ya jua, lakini kuiita pambo tupu ni kutoijua.

Hoja ya mwisho ya wanunuzi wa ghali naiheshimu kwa nia yake, ila matokeo yake siyaamini. Wanasema bei kubwa ni bima dhidi ya mkorogo na bidhaa feki. Hofu hiyo ina msingi: zebaki na haidrokwinoni, zinazotumika kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, mkataba wa kimataifa wa Minamata unapinga zebaki hiyo duniani kote, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililopokea jukumu la kusimamia vipodozi mwaka 2019, halikosi kazi sokoni. Lakini mghushi huifuata bei. Hana faida ya kughushi mafuta ya mgando. Anaghushi kile ambacho mteja yuko tayari kukitolea laki, na manukato ndiyo anayoyapenda zaidi, kwa sababu chupa tupu halisi inaweza kujazwa tena. Anayenunua pafyumu ya kifahari bila kujua imepita mikono ya nani amekata bima kwa mtu asiye na ofisi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji wa fandesheni ghali, awe Njiro au mjini Moshi, ni kama ana chupa ya kujaribia na kama atakuruhusu utoke nayo hadi mlangoni. Rangi ijaribiwe kwenye taya, si kiganjani, itazamwe kwa mwanga wa jua badala ya taa ya duka, na iachwe dakika kumi kwa kuwa fandesheni nyingi hukolea zikikauka. Duka linalouza kwa laki na nusu lakini linamkatalia mteja dakika hizo kumi linamtoza kama chapa ya rangi 40 na kumhudumia kama lenye rangi mbili, na hapo ndipo wanaocheka wanapokuwa na haki.